Babu Anajua-jua Umeme

Salha,

Uji uko kwenye chupa. Mama yako mpashie maharage. Swichi ya jikoni usiiguse, nimeifungua, nitaifunga nikirudi kutoka Moshono.

Asubuhi umemwambia mama yako chuo cha ufundi huendi tena, utajifunza umeme kazini, kwa yule Ebenezer wa Sekei. Mimi nilikuwa palepale nakunywa chai. Nimefunga nyaya za watu kuanzia Ngaramtoni mpaka Tunduma, na hata hukunitazama! Yeye unamwita "fundi Ebenezer". Mimi ni "babu anajua-jua umeme". Anajua-jua!

~~Kwake huendi.~~ Nenda. Ila muulize kwanza kama ana leseni. Kama hana, jifunze kwangu, maana hata mimi sina.

Babu yako