Dawa ya Kahawa Kichwani mwa Wangoi

Jumanne, 9 Julai 1974

Mwanangu Wangoi ana chawa! Nimewaona leo nikimchana. Amejikuna mpaka nyuma ya sikio kumetoka damu. Nililia kidogo, nikaona haya.

Filister wa mlango wa pili akanicheka. Akasema watoto wote wa plot hii wanao, mimi nilifikiri wa kwangu ni wa Ulaya? Yeye huchuma kahawa kule juu, upande wa Kabete. Mnyapara huwagawia dawa kidogo ile wanayopuliza kwa miti, ya kuulia wadudu wa kahawa. Alileta chupa, akachanganya na maji, akampaka mtoto kichwa chote, polepole, akimwimbia Kijaluo. Kisha kofia ya uzi juu yake, ndiyo dawa ishike. Wenzake shambani hufanya hivyo na wao wenyewe.

Nashukuru kuwa na jirani. Mamangu yuko mbali, na huyu amekuwa kama dada.

Jumatano, 10 Julai

Tuko hospitali kubwa. Yuko hai. Niandike nini kingine — yuko hai.

Asubuhi aliamka amelowa jasho, na baridi yote hii! Mate yanatiririka, machozi, anatapika, anaharisha. Mikono inarukaruka yenyewe. Kifua kinakoroma kama sufuria ya uji. Akina mama wakajaa mlangoni: mpe maziwa, maziwa huua sumu. Nikampa. Yakatokea puani, akawa anakabwa. Sitasahau.

Githinji mwenye plot akatutoa na pikapu yake, juu ya magunia ya kabichi. Ilikuwa imeanza kwenda Filister alipoikimbilia na kurukia nyuma, bila viatu, chupa mkononi.

Daktari aliuliza amekula nini. Nikasema hajala kitu, ni uji tu. Filister akamwekea chupa mezani, akaeleza yote, hata namna alivyopaka. Hakuficha. Daktari akanusa, akamwangalia Wangoi macho — ile mboni nyeusi ilikuwa imebaki nukta. Alisema bila chupa wangepoteza wakati wakitafuta malaria.

Wakamvua nguo zote. Wakamnyoa. Wakamwosha kwa sabuni, wakarudia, wauguzi wamevaa glavu. Na sindano, tena sindano, mpaka mate yakakauka. Mashavu yakawa mekundu, mdomo mkavu, nikashtuka. Sista Nthenya akaniambia nisiogope, hivyo ndivyo wanavyotaka aonekane.

Asante Mungu. Asante sista. Asante hata kwa kabichi.

Alhamisi, 11 Julai

Asubuhi alinitazama, akanijua. Akasema "tata" — neno lake moja tu, ndilo nyanya yake, ndilo maziwa, ndilo kila kitu. Nililia kwa furaha, mama wa kitanda jirani akalia na mimi.

Kisha mchana mate yakaanza tena. Mwili ukalegea. Wakakimbia naye.

Sista Nthenya alirudi na kofia ya uzi ameishika kwa karatasi. Akaniuliza imetoka wapi. Nilikuwa nimeifunga kwenye leso yangu tangu jana. Wadi ina baridi, kichwa kimenyolewa, nikamvisha. Nilifikiri sumu ni kitu cha kumeza!

Hakunigombeza. Alikaa kitandani, akasema:

"Mama, hii haingoji mdomo. Inapita kwa ngozi, na pale alipojikuna ni mlango wazi. Nguo iliyoinywa bado inayo."

Akanipeleka kwa bomba, akaniosha mikono yeye mwenyewe mpaka kwenye viwiko, kama mtoto. Leso pia wamechukua.

Wangoi bado anakoroma. Naandika ili nisihesabu anavyopumua.

Jumamosi, 13 Julai

Amekula! Uji, vijiko vingi. Akapiga kijiko chini, akachekea kelele. Daktari anasema sindano zinapunguzwa, kifua kimesafika.

Kiragu, mume wangu, alikuja kutoka mjengo na simiti kwa nyusi. Binti tulimpa jina la mama yake Kiragu, kwa hiyo humwita mama. Akamwinamia, "Mama, umetutisha," halafu akajifuta macho kwa mkono wa shati. Mwanaume mzima.

Nje kwenye veranda akawa mwingine. Anasema atampeleka Filister kwa polisi. Tena alianza mambo ya kabila, nikamnyamazisha. Nilimwambia aliyepaka ndiye aliyemletea daktari chupa. Nilimwambia kofia nilivisha mimi. Akasema hajaniuliza.

Filister amehama kwa dada yake Jentrix, huko Sarang'ombe, Kibera. Ameacha hata jiko.

Jumatano, 17 Julai

Tuko nyumbani! Kawangware ni matope, harufu ya mitaro, redio za watu — yote nayapenda. Kofia ilibaki hospitali, hawakunirudishia. Mto nimetupa, blanketi nimefua na kuanika kwa jua. Sista aliniambia niwaambie wanawake wa plot, na nimewaambia, mlango kwa mlango. Wawili walitoa chupa zao chini ya kitanda bila kubishana. Mmoja alisema yake ni ya kunguni wa kitanda tu. Nikamwuliza na anayelala hapo ni nani. Akaitoa.

Wangoi ana kipara kama mzee wa kanisa. Anatembea akishika ukuta.

Filister amekuja sasa hivi kuchukua jiko lake. Nimemkaribisha, hataki kuingia. Amekaa kwa ngazi, amefunika mikono na kanga. Anasema ameiosha na omo, na majivu, na ndimu, lakini hatagusa mtoto wa mtu tena. Nimemwambia, mtoto yuko hai kwa sababu yako. Anasema Kiragu hasemi hivyo. Kweli, hasemi. Na saa ya Kiragu kurudi imekaribia.

Nimechukua kalamu kwa sababu sijui niongeze nini.

Wangoi ameacha ukuta. Anaenda mlangoni, peke yake, hajawahi! Amefika. Amevuta kanga. Filister anatazama kando, anaiambia barabara, "Mama Wangoi, mtoe." Simtoi. Anavuta tena, anataka kubebwa, na kule kwenye kona naona kofia ya Kiragu yenye simiti inakuja, na mkono mmoja wa Filister umetoka chini ya kanga, unamwelekea mtoto