Chungu cha Doña Chela

Abu Hamour,
Doha.
9 Novemba 2014

Mpendwa mdogo wangu Fiona,

Pokea salamu kutoka huku, ambako joto limeanza kutuachilia. U hali gani? Mgongo umepoa? Joram analala usiku, au bado anawakesha? Mimi ni mzima, nimerudi kazini wodini, na wenzangu wananiuliza nani aliyeninenepesha hivi.

Ni San Bartolo yenu hiyo! Nilikuja likizo nikidhani nitakukuta mpweke na kichanga chako kwenye mji wa ugenini, nikapakia hata aproni. Kumbe jikoni kwako hapakuwa na pa kutia mguu. Leo supu ya kuku kutoka ng'ambo ya kanisa, kesho akina mama wa vile vijiji vya mlimani wameshuka na maharagwe na chapati zao za mahindi, moto moto ndani ya kitambaa. Ufagio ulikatazwa kushika, maji baridi ulikatazwa kugusa. Wilaya nzima inajua umejifungua! Nawashukuru sana watu wale.

Ila unajua kilichokuwa kikinichoma. Tangu uolewe na Rogelio bila baraka za Mama, yeye hakutaka hata kulisikia jina lako. Binti wa Kisii kujifungua bila mkono wa mama yake si jambo dogo. Picha za mtoto nilizompelekea hakuzitazama.

Sasa sikia. Kile chungu alichonitilia jirani yako Doña Chela maharagwe ya safari, nilikiosha nikampa Benard, dereva wetu, alipokwenda nyumbani Kisii. Nilimwambia amweleze Mama kwamba ni cha jirani anayekupikia supu kila asubuhi.

Mama akakipokea. Juzi akanipigia, mkali kama pilipili: "Carolyne, mimi ndiye niliyekulea kweli? Unabebaje chungu cha watu?" Nikajitetea kwamba nilipewa. "Hata kama. Chungu cha mtu hakirudi kitupu."

Ameshakijaza unga wa wimbi wa uji wako, akakifunga kwa leso. Nikamwambia Mama kwamba Benard atakirudisha hapa, nami nitakutumia. Akakataa katakata. Anauliza pasipoti inaombwa wapi. Nililia, dada, nikiwa bado na simu sikioni.

Msalimie shemeji Rogelio na mama mkwe wako. Nibusie Joram. Mungu awafunike kwa mkono wake, na awalipe wote waliokuletea chakula.

Na Doña Chela mwambie asiwe na wasiwasi, chungu chake kinarudi. Mwenye kukileta aliniuliza kabla ya kukata simu: "Fiona wangu bado hapendi sukari nyingi kwa uji?"

Dada yako akupendaye daima,
Carolyne