Mavyaa Wangu Kwenye Kituo cha Tramu

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima hapo Timbwani, na lile goti liwe limekupa nafasi ya kulala. Sisi huku tu wazima, alhamdulillahi, ila baridi imeingia mapema na mikono yangu imepasuka kwa maji ya jikoni.

Wiki iliyopita nilikukatia simu ghafla, najua ulibaki na wasiwasi. Sasa mambo yamekwisha salama, nami nina utulivu wa kukueleza.

Mavyaa wangu, Bi Mwanakombo, bado yuko kwetu tangu alipokuja kumtazama mwanawe. Unajua hakuwa akinipenda sana. Aliona mimi ndiye niliyemzuia mume wangu Salim asirudi Likoni. Siku ile nilipokukatia simu, Salim alikuwa safarini na lori lake, nami sikutaka kumwacha mavyaa peke yake nyumbani, nikaenda naye kazini. Mkahawa wetu uko kando ya uwanja wa vita wa zamani, Wamarekani walikopigana wenyewe kwa wenyewe. Watu hutoka mbali kuja kutazama makaburi na mizinga. Nikamketisha karibu na dirisha na chai yake.

Adhuhuri akatoka kutafuta mahali patulivu pa kusali. Hakurudi. Simu yake aliiacha mezani, na Kiingereza hajui hata cha kuombea maji. Mama, nilikimbia kuwaambia walinzi wa uwanja. Uwanja ule ni mkubwa, minara ya mawe yote imefanana, na manyunyu yalikuwa yameanza. Walinzi wakaenda upande wa msituni na gari lao. Mimi nikashuka na barabara nikimwita, nikiwaza nitamwambia nini Salim.

Kule chini kuna kituo cha tramu, yale magari ya reli yaliyokuwa yakileta wageni hapo. Reli ziling'olewa kabla hujazaliwa hata wewe. Kimebaki kibanda, benchi na kibao, viwe ukumbusho. Nikamwona ameketi pale, kajitanda leso, mkoba mapajani, anatazama barabara.

"Mama, hapa hapapiti gari. Yaliacha zamani sana."

"Basi kiti wamemwekea nani?" akaniuliza.

Nikacheka huku nalia. Nikamtoa leso iliyolowa, nikamvisha koti langu. Midomo ilikuwa ikimtetemeka. Akanishika mkono.

"Nalijua utakuja wewe," akasema. "Huku sina mwengine."

Daktari alimtazama akasema ni baridi tu, apumzike. Salim aliporudi akaanza kunifokea, kwa nini nilimpeleka huko. Mamake akamnyamazisha. Akamwambia nimemtafuta kwa miguu kwenye mvua, na asiniseme vile tena mbele yake. Wallahi, mama, niliingia jikoni nikajifanya naosha vyombo.

Siku hizi tunapika pamoja. Ananikosoa nazi yangu, lakini anakula.

Nisalimie baba, kaka Athumani na mkewe, na shangazi wa Mtongwe. Mwambie shangazi dua alizotuombea zimefika.

Bi Mwanakombo ameketi hapa ubavuni, ananitaka nikuandikie neno lake kama alivyolisema: usihofu, mwanao ana mama huku.

Ni mimi binti yako,
Mwanajuma