Kopo Namba Kumi na Nne

Dar es Salaam,
Jumapili baada ya ibada

Mama yangu mpendwa,

Kamwene. Sikuulizi kama hujambo, maana najua utakachojibu, na jibu hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Viazi vya Matembwe vimepona, au baridi imeviunguza? Mimi mwili ni mzima. Ningepiga simu, ila ungenikatiza, ukanichekesha, nami ningeahirisha tena.

Mama, dawa imeshindikana.

Unakumbuka nilivyokuja kuchuma yale majani ya bondeni ambayo bibi aliyapasha moto na kujifunga magotini. Hapa kazini tuliyakausha, tukayasaga, tukayaloweka kwenye spiriti na kuchuja mpaka likabaki tope jeusi, tukalichanganya na jeli ya kupaka. Kisha wagonjwa wa viungo wakagawiwa makopo yasiyo na jina, namba tu. Nusu yalikuwa na majani, nusu jeli tupu, na hata sisi tuliogawa hatukujua lipi ni lipi. Dawa hupimwa hivyo ili mtu asijipendelee.

Wiki iliyopita daftari la namba lilifunguliwa. Waliopaka majani na waliopaka jeli tupu wako sawasawa. Bosi wetu, mama asiyezunguka maneno, alisema, "Festo, bibi yako alikuwa anajipasha moto. Majani yalikuwa ya kushikia huo moto tu." Kazi imefungwa. Mimi nimehamishiwa kwenye sabuni.

Hilo ningelibeba. Lakini niliiba kopo moja, namba kumi na nne, nikalituma kwa basi, dada Neema akalipokea Makambako na kukuletea. Baada ya wiki mbili ukanipigia: "Mwanangu, vidole vimelainika, jana nimechuma chai mpaka jioni." Nililia kwa furaha kule stoo. Ukasema hospitali ya Ikonda huendi tena, ya nini kuhangaika na safari wakati mtoto wako ana dawa. Nami nikakubali. Mwaka mzima na nusu nilikubali, na kila nilipotaka kukata tamaa nilijiambia, mbona mama amepona.

Daftari lilipofunguliwa nikatafuta kumi na nne. Ilikuwa jeli tupu.

Bado nikajifariji kwamba hata jeli tupu huenda ikampa mtu nafuu. Nikampigia Neema. Akasema, "Mdogo wangu, mama hajachuma chai tangu kopo lile lije. Kanga anafungwa na jirani. Kikombe anakishika kwa viganja viwili. Alinikataza kukwambia, eti utavunjika moyo." Akanitumia picha ya mikono yako. Vidole vimelala upande mmoja, kama mahindi yaliyopigwa na upepo.

Nimekukasirikia, mama. Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba mficha maradhi kifo humuumbua. Ila najikasirikia zaidi, maana nilitaka sana kuamini, sikuomba hata picha moja. Picha hiyo nilimwonyesha daktari mmoja wa hapa. Alisema vilivyopinda havinyooki tena. Vilivyobaki labda vitaokolewa, na hiyo labda aliitamka akiangalia pembeni. Sina dawa nyingine ya kukutumia. Sina kitu.

Neema atakuja Alhamisi akupeleke Ikonda. Usimgombeze kwa kunieleza. Anasema kopo ulilikwangua mpaka chini, na sasa umelihifadhi kabatini pamoja na kitabu cha nyimbo. Litoe hapo, tafadhali, weka hata chumvi.

Nisalimie baba mdogo, mwambie majani ya bondeni ayaachie mbuzi. Nisalimie mchungaji, aliyeniombea hii kazi kanisani mbele ya watu wote. Nitamweleza mwenyewe nikipata uso. Na jirani anayekufunga kanga umshukuru sana. Naona aibu kwamba anamjua mama yangu kuliko mimi.

Daktari akikuuliza wapi panauma, mwonyeshe pote. Yeye si mwanao, hana moyo wa kuvunjika. Nami ukinijibu, najua mwandiko utakuwa wa Neema. Mwambie aandike kwamba unaumwa, mama. Usiniambie tena nafuu.

Mwanao,
Festo