Kile Chungu Kidogo cha Shangazi

Jumamosi, tumerudi kutoka soko la Ngonga

Hata sasa nikiukumbuka mchele ule nakasirika.

Desturi yetu Wakisi kila mtu anaijua: anayetaka chungu hukijaza mchele, mchele tunabaki nao sisi, chungu anaondoka nacho. Kwa hiyo chungu kikubwa ndicho kinacholisha nyumba. Nimemwambia Shangazi mara ngapi? Yeye bado anahangaika na vile vidogo, anavichora shingoni kwa udongo mweupe na mwekundu mpaka jua linazama. Na siku hizi duka la Mjerumani linauza sufuria za chuma!

Leo mama mmoja mkulima alikipenda kimoja. Alikijaza, akamimina kwenye kikapu chetu, kisha akachota tena.

"Huu ni wa michoro, mama," alisema.

Shangazi akamshika mkono. "Ndaga, mwanangu, asante. Inatosha."

Inatosha! Na ghala letu ni tupu.

Tulipokuwa kwenye mtumbwi nilishindwa kunyamaza. Alicheka tu. "Mchele ni wa chungu. Michoro nilishaifaidi mwenyewe nilipokuwa naichora."

Nilikuwa namkumbuka yule mama. Hakujitwika chungu kichwani kama wengine, alikikumbatia kifuani, na Shangazi alimtazama mpaka akapotea migombani. Sijawahi kumwona mtu ameshiba kama Shangazi wakati ule.

Mimi tumbo linanguruma. Vyungu vikubwa nitafinyanga mimi, maana lazima tule. Lakini Jumatatu nitamwomba anifundishe kuchora.