Masikio Makavu ya Endamarariek

Endamarariek, Alhamisi, Machi 1983

Siwezi kutulia. Wiki nzima nimekagua masikio ya watoto kwa tochi, kwa ajili ya utafiti wetu wa masikio yanayotoa usaha, na karibu wote nimewaandika "kavu".

Leo mama mmoja alikuwa ameshaanza kuondoka na bintiye. Nikamwita mtoto kwa nyuma. Hakugeuka. Nikaita tena.

"Hasikii vizuri, daktari," mama akasema. "Sikio linatoa usaha tangu mavuno."

"Mbona ni kavu?"

"Nimelisafisha kwa pamba alfajiri. Ningemletaje mbele za watu ananuka?"

Wenzake kwenye foleni wakatikisa vichwa kukubali. Na wao walikuwa wamesafisha.

Fomu za hadi jana zimeshaondoka na gari la asubuhi. Na aliyesimama kanisani Jumapili kutangaza kwamba watoto waje wasafi ni mimi.