Mbuzi Yangu Kwenye Meza ya Watu wa Kale

Jumamosi, jioni. Joto la Bagamoyo leo halina adabu, na mimi pia sina. Naandika hapa kwa sababu nikifungua mdomo nitamtukana mtu, na majirani zangu hawajanikosea chochote.

Shule anayosoma binti yangu Zuhura, darasa la sita, leo ilikuwa na siku ya maonyesho. Kila darasa lilipewa nchi au watu wa zamani: hawa Misri ya mafarao, hawa Uchina, wale Warumi na mashuka yao. Darasa la Zuhura likapewa pwani yetu. Jumatatu mwalimu wao wa historia, Mwalimu Shabani, alituandikia wazazi barua akiomba tuazime shule "vifaa vya asili". Mimi na kiherehere changu nikatoa mbuzi ya kukunia nazi, kinu na mchi wake, na kifumbu cha kuchujia tui. Nikavisugua kwa majivu mpaka vikapendeza. Niliona fahari, sitaki kudanganya.

Kwa msionijua, mimi ni muuza vitumbua. Sivipiki kwa kumbukumbu ya mababu, navipika kila alfajiri, watu wale waende kazini. Wiki hii yote nimekuna nazi kwa mbuzi ya kuazima kwa Bi Mwanaisha wa nyumba ya pili, ambayo meno yake yameisha kama ya mwenyewe. Vidole vyangu viwili vina plasta. Nilivumilia, nikijua watoto wanajifunza.

Leo nimeingia ukumbini na dera langu jipya, nikaona walichojifunza.

Vyombo vyangu vimepangwa mezani, vimezungushiwa kamba, pembeni pana karatasi: "Vifaa vya watu wa kale wa pwani. Usiguse." Watu wa kale! Vilitumika kwangu Jumapili iliyopita! Na kifumbu changu kimevalishwa kichwani mwa sanamu ya boksi, chini yake pameandikwa "Kofia ya mkulima." Mwalimu Shabani si mgeni wa hapa. Kazaliwa mtaa wa nyuma ya kwangu, kala wali wa nazi tangu alipoota meno, na hajui tui lake linachujwa na nini. Anajua mafarao walivyokaushwa, kwa mama yake jikoni hajawahi kuchungulia.

Hilo ningelimeza. Ningecheka hata, kesho nikawasimulia wateja.

Zuhura alikuwa amesimama mbele ya meza na kijiti cha kuonyeshea. Akaja baba mmoja, mzazi wa mtoto mwingine, akamuuliza vizuri tu kama vitu hivi bado vinatumika. Mwanangu akamjibu kwa sauti safi kabisa, "Hapana. Vilikuwa vya watu wa kale. Siku hizi watu wote wanatumia blenda."

Kwetu hakuna blenda. Haijawahi kuwepo.

Hapo ndipo shetani wangu alipopanda. Nikaivuka kamba. Nikachukua nazi waliyoiweka kama pambo, nikaipiga kwenye ukingo wa ngazi ya saruji ya jukwaani, ikapasuka mara moja. Maji yakamwagikia piramidi ya wale wa Misri, ambayo ilikuwa ya boksi, ikaanza kulala upande. Sikujali. Nikaishusha mbuzi yangu chini, nikakusanya dera langu, nikaikalia, nikakuna. Nilikuna kwa hasira, nazi inaruka, nikitaka ukumbi mzima uone kwamba mtu wa kale yuko hai na ana plasta vidoleni.

Unajua walifanya nini? Walipiga makofi. Wakatoa simu. Mwalimu Shabani akaja mbio, kicheko mpaka masikioni, "Mama Zuhura, vizuri sana, baki hivyo hivyo wageni wapige picha!" Nilikuja kubishana na maonyesho, nikawa maonyesho.

Yule baba akamgeukia tena Zuhura, akamuuliza, "Huyu ni nani?"

Alinitazama. Tulitazamana kabisa, macho kwa macho. Kisha akasema, "Ni mama mmoja, shule imemwita aje atuigizie."

Mkono wangu ulisimama. Nimewahi kutukanwa na walevi, na askari wa mgambo, na mke mwenza wa dada yangu. Hakuna tusi lililowahi kunifika hapo liliponifika hilo. Niliinuka, nikakivua kifumbu kichwani mwa ile sanamu, nikabana mbuzi kwapani, nikatoka bila kuaga. Kinu nimekiacha. Mwalimu Shabani atakileta mwenyewe, na akibebe kichwani, ajue watu wa kale walikuwa na shingo.

Zuhura amerudi baada ya Alasiri. Nilikuwa nimemwandalia maneno mengi, mengine ya aibu kumwambia mtoto. Yote yakanitoka kwa swali moja: kwa nini umenikana mbele za watu?

Hakulia. Nilitaka alie. Aliinamisha kichwa, akasema polepole, "Mama, si wewe uliyesema mambo haya yaishie kwako?"

Ni kweli nimesema. Nasema karibu kila asubuhi, nikiwa nimekaa pale pale juu ya mbuzi: soma mwanangu, usije ukakalia kibao hiki kama mimi. Akinyoosha mkono anisaidie namfukuza, nenda kwenye daftari lako. Ana miaka kumi na miwili na hajui kukuna nazi hata moja. Na kwenye fomu ya shule, palipoulizwa kazi ya mzazi, nilijaza "mfanyabiashara", nikaifunika karatasi kwa mkono ili karani asiniulize biashara gani. Zuhura alikuwa amesimama pembeni yangu siku hiyo. Aliona.

Kwa hiyo Mwalimu Shabani nimchukie, na namchukia, lakini somo hili hakulifundisha yeye.

Zuhura nimemwambia akabadilishe sare.

Mchele wa vitumbua nimeshauloweka, nazi nne ziko mlangoni. Bado nina hasira naye, na nikimsikia anavyotembea kwa kunyata humo ndani hasira inazidi. Kesho ni Jumapili, hana shule. Alfajiri nikiamka, nimwamshe nimkalishe juu ya mbuzi nimfundishe, au nimwache alale?